Wimbo Ulioolewa Pamoja Nami

Lahore, 3 Machi 1971

Shangazi yangu Hashmat Bi,

Nakuinamia kwa salamu, na ninaomba mkono wako uwe juu ya kichwa changu hata kama mpaka wa nchi mbili umepita katikati. Huku tu wazima wa mwili. Watoto wanakua, binti yangu Shaista amekuwa mrefu kunishinda.

Sasa nikueleze la baba. Kaka yako, baba yangu na ustadhi wangu, Idris Khan (nashika sikio kwa heshima ninapomtaja), amepotea akiwa ndani ya nyumba. Akimaliza kula anauliza chakula kiko wapi. Mimi ananiita kwa jina la marehemu babu. Shaista naye anaitwa Hashi, kisha anaulizwa mbona siku hizi hamwiti babu yake punda. Mtoto akatucheka, mpaka nikamweleza kwamba Hashi ni wewe, na kwamba punda ndilo jina ulilompa kaka yako tangu utotoni, alipokuwa akibeba mgongoni tanpura za babu, zile ala ndefu za nyuzi.

Nyimbo zimemtoka, Shangazi. Zile alizotufundisha miaka yote, zile ambazo watu walipanda treni kuja kuzisikia, hazimo tena. Nikimpigia nyuzi na kuanza mstari, ananitazama kama mgeni aliyekosea mlango. Umebaki mmoja tu, nao si wetu. Ni ule wa mlango, uliotoka pamoja nawe kama zawadi ya harusi ulipoolewa.

Unajua kiapo. Babu alipouimba mbele ya wazee na kuuweka kinywani mwa mume wako, babu na baba walishika masikio wakaapa kwamba nyumba yetu ya waimbaji wa Nekpur haitauimba tena mpaka kiyama. Baba alikitunza kiapo hicho miaka yote. Hakuwahi kuuimba hata kwa kuguna. Leo akili ikimtoka anaketi kitandani na kuuimba kwa sauti ya kijana, na akili ikimrudia anagundua alichofanya, analia, anajipiga mdomo kwa kiganja. Jana alijipiga mpaka damu ikatoka kwenye ufizi.

Wanafunzi wanasikia. Jirani yetu Ustadhi Bundu, ambaye hata mbuzi wake akilia husema amelia kwa mtindo wa nyumba yao, ameanza kueneza kwamba watu wa Nekpur wanatoa zawadi kwa mkono wa kulia na kuirudisha kwa wa kushoto. Nimeweka komeo kwa nje kwenye mlango wa chumba cha baba. Akianza tu, nafunga.

Ni wewe peke yako unayeweza kukifungua kiapo. Naomba mistari miwili tu kutoka kwako: kwamba Idris Khan ameruhusiwa. Niisome, apumzike, aache kujipiga.

Mtoto wako,
Tufail


Khurrampur, 20 Aprili 1971

Tufail mwanangu,

Mimi ni mzima, ni magoti tu yaliyonitangulia kufa. Kalamu sijui kuishika, unajua. Anayeandika ni Rukhsana, mke wa mwanangu Naseem. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwapisha asinipambie maneno.

Ulinyamaza tangu arobaini ya mama yako, leo unaniletea salamu ndefu kama kilemba cha bwana harusi. Salamu ikirefuka hivyo, ombi liko nyuma yake limejikunyata.

Jibu langu ni hapana.

Usinune. Nisikilize. Mimi nilipoletwa nyumba hii, wake wengine wa ukoo walikuwa wamekuja na dhahabu, na masufuria ya shaba, mmoja na nyati wa maziwa. Mimi nilikuja na mfarishi mmoja na wimbo. Mama mkwe alikagua mzigo wangu mbele ya wanawake wote, akaniuliza, huo wimbo wenu tutaupika chunguni au kikaangoni? Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nililia ndani ya shela, na shela ilikuwa nzito, hakuna aliyeona.

Kisha mvua ya kwanza ikanyesha, na mume wangu Shakoor akauimba pale kwenye kaburi la walii, kama ilivyo desturi ya nyumba hii. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya pazia. Mama mkwe alianza kulia kabla mwanawe hajafika katikati. Kesho yake alinifunga funguo za ghala kiunoni kwa mkono wake mwenyewe, wala hakunitajia chungu tena mpaka anaingia kaburini. Dhahabu ya wale wengine ilikwisha kuuzwa zamani. Wimbo wangu haukuuzwa.

Sasa unataka niurudishe. Baba yako ana nyimbo kama mchele, ana wanafunzi, ana jina. Mimi nina huo mmoja. Na hapa kwetu unaimbwa, usidhani umekaa bure. Naseem wangu huuimba kila mvua ya kwanza, na watu hulia vilevile.

(Rukhsana ameweka kalamu chini, anasema macho yanamwasha. Haya, ameishika tena.)

Huyo Bundu mwambieni akafundishe mbuzi wake. Baba yako mpikieni mchele na dengu mpaka ulainike kabisa, mtie samli, usimpe pilipili hata akililia. Mpake kichwani mafuta ya haradali yaliyopashwa moto. Na akijipiga mshike mikono, umkumbatie, usisimame pembeni kumtazama kama unatazama mieleka.

Nijibu jambo moja tu. Anauimba wote, au nusu ya kwanza peke yake?

Shangazi yako anayekupenda hata ukinuna,
Hashmat


Lahore, 11 Julai 1971

Shangazi yangu,

Barua yako nilimsomea baba siku aliyokuwa na akili. Nilitaka kuficha ile hapana, lakini aliiona usoni kwangu kabla sijafungua mdomo. Akasema, ni haki yake. Kisha akaomba tambuu, akaitafuna taratibu, na siku nzima hakuimba.

Lakini akili ikimtoka tena, anaimba. Haki na kiapo huondoka pamoja na akili, wimbo unabaki.

Umeniuliza kama anauimba wote. Ndiyo, wote. Najua hivyo kwa sababu husikia sauti inapoanza kupanda kuiendea nusu ya pili. Hapo ndipo nakimbilia bomba la uani na kulifungulia maji kwenye ndoo. Kabla yake mke wangu amekwisha iongeza redio, na watoto nimekwisha wapeleka juu ya paa. Shangazi, nakuapia kwa chumvi ya babu, katika miezi yote hii hakuna mtu wa nyumba hii aliyeiba hata pumzi moja ya wimbo wako. Wanafunzi nimewapiga marufuku kuja. Wimbo ambao hukupewa ukiusikia ni wizi, ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo tunavyoishi. Nataka ulale ukijua hivyo.

Anakutaja kila siku. Anasema Hashi amemkasirikia kwa sababu ya treni. Nadhani ni ile treni iliyotuleta huku, mwaka nchi ilipogawanywa mbili. Anasema alisimama kwenye dirisha la behewa mpaka stesheni ikaisha, na wewe hukuja.

Kuna jambo jingine, nalisema kwa adabu. Mwezi uliopita alipita hapa mfanyabiashara wa shali aliyekuwa kwenu. Alisema mvua ilinyesha, watu wakaenda kwa walii, na hakuna mtu wa nyumba ya Shakoor aliyeimba. Nikamwambia amekosea siku. Msafiri huona nusu ya mambo. Hata hivyo nakuuliza: ndugu yangu Naseem hajambo?

Wako,
Tufail


Khurrampur, 14 Novemba 1971

Tufail,

Barua yako imefika juzijuzi tu, imechoka kuliko mimi. Nchi zetu zimenuniana tena na posta nayo inatembea kwa magongo. Basi niseme yote kwa mara moja.

Naseem amekufa. Ni mwaka wa tatu sasa. Kifua. Alikohoa msimu mzima wa baridi, na majani ya miti yalipochipua yeye hakuwepo. Sikukuandikieni. Niliona nikisema kwa kaka kwamba Naseem amekufa, itabidi niseme na lingine.

Ile barua ya kwanza, nilimwambia Rukhsana aandike kwamba mumewe bado anaimba. Akaandika. Alipomaliza alikwenda kuosha masufuria yaliyokuwa yamekwisha oshwa. Huyu mtoto hajanilaumu hata kwa jicho. Sasa hivi analia na anaandika, ukiona wino umetawanyika si mimi.

Sasa hilo lingine. Wimbo huku kwetu hauko, mwanangu. Ni nusu.

Shakoor alimpa Naseem nusu ya kwanza alipokuwa na miaka minane. Ya pili akasema ni ya mtu mzima, itamharibu koo, atapewa ndevu zikiota. Kila alipoikaribia nusu hiyo alimtoa mtoto nje. Nilikuwa nikimwona Naseem ameketi kizingitini, anachora mchangani kwa kijiti, anasubiri baba yake amalize. Ndevu hazijaota, Shakoor akaanguka sokoni na kikapu cha biringani mkononi. Akafa na nusu yake. Na kaka alikuwa amekwisha vuka mpaka.

Naseem aliimba nusu ile maisha yake yote. Aliizungusha, akaipamba, akairudia kwa namna hii na ile, watu wakadhani huo ndio mtindo. Mimi nyuma ya pazia nilikuwa nikingoja sauti ipande, haipandi.

Utaniuliza mimi si nilikuwa nikisikia wakati wa Shakoor? Nilisikia. Maneno ninayo: *Nimeiacha taa ikiwaka, atakayeizima asiniambie.* Lakini maneno ni mifupa. Sauti yenyewe nimeitafuta jikoni, nimeitafuta kwenye sala, nikifungua mdomo inatoka kama mlio wa chupa tupu. Sisi binti za Nekpur tulifundishwa kunyamaza vizuri, na tulifuzu.

Ningeweza kumwomba kaka. Lakini kumwomba ni kukiri kwamba zawadi ya baba imepotea mikononi mwangu, na mimi kwa kaka sijawahi kushindwa kitu, hata mchezo wa kokwa. Uliponiandikia kwamba anauimba, moyo ulinirukia mdomoni, na nikasema hapana kwa hofu mtajua. Basi sasa mjue.

Na wewe, kichwa cha bamia! Unafungulia bomba! Wimbo mzima umekaa chumbani kwako unaimbwa bure, wewe unajaza ndoo! Unaniapia kwa chumvi kwamba hukusikia, na mimi nasomewa hapa nagonga kichwa ukutani. Sikulaumu. Ulifanya adabu. Shakoor naye alifanya adabu. Adabu yetu itatumaliza.

Fanya hivi. Msomee kaka yafuatayo kama yalivyo, usitie sukari:

*Idris, punda mzee wewe. Nani amekuambia nimekasirika kwa sababu ya treni? Sikuja stesheni kwa sababu ningekuja ningekushika mguu usipande, na watu wangetucheka. Wimbo ni wangu na nimesema imba. Imba mlango wazi, imba mpaka Bundu azibe masikio. Na mtoto wako akae miguuni kwako ashike nusu zote mbili, maana huku kwangu umekufa nusu. Ukijipiga tena mdomo nitakuja huko kwa miguu nikupige mimi.*

Umemaliza kusoma, zima redio, teremsha watoto kutoka huko paani, mketi wote. Wewe na Shaista. Ndiyo, na Shaista, usinitolee macho. Msiache pumzi ipite.

Haraka, Tufail. Nimempa Rukhsana vipuli vyangu vya fedha alipie stempu za haraka, kama kuna stempu ya namna hiyo.

Hashmat


Lahore, 2 Novemba 1974

Shangazi yangu Hashmat Bi,

Posta iliyofungwa kwa vita imefunguliwa. Jana tarishi alileta furushi la barua za kabla ya vita, na yako ya Novemba ilikuwamo. Imepigwa mihuri mpaka jina langu halisomeki. Nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, na mke wangu akaja kunishika kwa sababu alidhani naanguka.

Pole ya Naseem. Nimechelewa miaka mingi kuisema.

Baba amefariki, Shangazi. Ni majira ya baridi ya mwaka uleule wa barua yako, mizinga ilipokwisha nyamaza. Hatukuwa na njia ya kukuletea habari.

Nitakueleza mwisho wake, maana ni haki yako. Baada ya mvua za mwaka ule alipunguza kuimba kidogo kidogo, halafu akaacha. Tulidhani umemtoka kama nyingine. Haukumtoka. Nilimwona akianza, midomo ikijiandaa, kifua kikijaa, kisha mkono wake wenyewe unapanda na kuufunika mdomo. Alikuwa hanijui mimi, hajui mchana wala usiku, lakini hapana yako aliijua. Alitusahau sote akaikumbuka hiyo.

Siku ya mwisho aliamka ana akili. Akaniuliza, Hashi amejibu?

Shangazi, nilimdanganya. Nilikuwa sijawahi kumdanganya ustadhi wangu. Nilimwambia ndiyo, barua imefika, amekubali. Macho yake yakang'aa. Akasema, kasemaje? Nikafikiri haraka, nikasema, anasema ewe kaka yangu mtukufu, nimekupa ruhusa kwa moyo mkunjufu.

Alinitazama, kisha akatabasamu, akanipapasa shavu kama mtu anayemsamehe mtoto. Akasema, "Hashi hajawahi kuniita mtukufu." Akafunga mdomo, akaugeukia ukuta. Alikufa alasiri.

Sasa nimeshika karatasi yako hapa, na neno la kwanza ni punda. Ningekuwa na neno hilo moja tu. Neno moja, Shangazi. Angeimba.

Umeniambia nisiache pumzi ipite. Ninacho kipande kimoja tu, nacho nilikipata kwa bahati mbaya. Siku moja ndoo ilijaa mapema nikafunga bomba, na baba alikuwa hajamaliza. Nilisikia namna sauti inavyoshuka mwishoni, pale kwenye neno *asiniambie*. Haishuki moja kwa moja. Inasita kama mtu kwenye ngazi gizani, inarudi juu kidogo, halafu inakubali. Nilitubu kwa kukisikia. Nimejilazimisha kukisahau miaka yote hii, kimekataa.

Hicho ndicho kilichobaki. Nisamehe.

Tufail


Khurrampur, 9 Desemba 1974

Tufail mwanangu, Tufail baba,

Nilijua. Baridi ile, mizinga ilipokwisha nyamaza, nilikuwa nikimenya vitunguu, kisu kikanidondoka bila sababu, nikamwambia Rukhsana, punda wangu amekwenda. Akasema nisijitabirie. Lakini nilijua. Nilivaa nyeupe ya msiba, jirani wakadhani nazeeka vibaya.

Nimelia nimemaliza. Si kweli, sijamaliza, ila nimesimama kidogo nikuandikie.

Usiniombe msamaha. Mimi ndiye niliyesema hapana, na yeye ndiye aliyetii. Tangu utotoni alikuwa hivyo. Baba akisema kaa hapa, anakaa mpaka jua linamchoma masikio, mimi nakwenda kumvuta. Nani angeamini kwamba katika uwanja mzima wa kichwa chake ulioliwa na mchwa, angebaki amesimama palepale nilipomwambia asimame, na mimi nisifike kumvuta.

Kile kipande ulichokisikia bombani ni chako. Nimekupa mimi, mwenye wimbo. Usitubu tena. Barua haiwezi kukileta, najua, ulichoandika hapa nimekisikiliza mara nyingi Rukhsana akinisomea, na nimejaribu: kusita, kurudi juu, kukubali. Sijui kama ndiyo yenyewe. Lakini Rukhsana aliacha kusoma, akasema, mama, mbona nywele zimenisimama.

Na nikuambie, nimevunja desturi. Nusu ya kwanza iko hapa nyumbani. Parveen, binti wa Naseem, ameishika kwa baba yake. Huimba akikanda unga, akidhani sisikii. Zamani ningemfinya. Mvua ya kwanza mwaka huu nilimshika mkono nikampeleka kwa walii, nikamketisha mbele ya pazia na si nyuma yake. Wazee wakakohoa. Nikawaambia anayekohoa atibiwe. Mtoto akaimba, *Usiufunge mlango, dada, mguu wangu bado uko kizingitini*, alipofika mwisho wa nusu akanitazama. Nikamwambia, basi, simama hapo. Akasimama. Watu wakangoja, hakuna kilichokuja, na mvua ikawa inanyesha. Hivyo ndivyo utakavyoimbwa sasa. Asiyejua atadhani msichana amesahau.

Serikali zetu zikichoka kununa, mlete Shaista huku, au mimi nitabebwa mpaka huko kama gunia, na Parveen. Wapeane wasichana hawa, huyu nusu na yule kipande. Katikati patakuwa na shimo. Waliache shimo hilo, wasilizibe kwa uongo mzuri. Ni mahali pa kaka.

Sasa nenda kaburini. Chukua ile barua yangu iliyochelewa, msomee kwa sauti, na neno la punda usiliruke hata kama kuna mashehe wamesimama karibu. Umwambie Hashi ndivyo alivyosema. Atajua ni mimi.

Ukirudi nyumbani, lete koleo, ung'oe lile komeo ulilotia kwa nje kwenye mlango wake. Yeye amekwisha toka, halimhusu tena. Ni kwa ajili yako, mwanangu. Sitaki uzeeke ukipita mbele yake kila asubuhi na ndoo yako ya maji.

Halafu ule. Najua huli.

Shangazi yako,
Hashi